Kila Picha Iwe na Njia ya Kurudi

Ndugu wapiga picha, wahariri wa picha, na ninyi mnaoshika kamera kwa mara ya kwanza mwaka huu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie uhariri wa picha kwa kompyuta na namna ya kuipanga kazi hiyo tangu picha inapotoka kwenye kamera hadi inapowekwa mahali pake pa kudumu. Niruhusuni nianze na picha moja tu.

Kamera yangu ya kwanza ya dijitali ilitoa picha za pikseli 2,592 kwa 1,944, yaani zile nukta ndogo zinazoiunda picha. Siku moja nilimpiga picha bibi yangu, mzaa mama, akicheka. Bibi alikuwa akiiona kamera anakaza uso kama anayeapishwa, lakini siku hiyo alisahau, akacheka hadi macho yakafumba. Jioni nikaifungua ile picha, nikaongeza mwanga, nikakata kingo, nikaipunguza hadi pikseli 640 kwa 480 ili iingie kwenye barua pepe, kisha nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Programu ikaniuliza kama nataka kuandika juu ya faili lililopo. Nikajibu ndiyo. Kadi ya kumbukumbu ya kamera nilikuwa nimeshaifuta.

Miaka michache baada ya bibi kufariki, mama akaiomba picha ile aitundike ukutani kwa upana wa sentimita 30. Pikseli 640 ukizitandaza kwenye sentimita 30 unapata nukta kama 54 kwa kila inchi, na chapa safi inataka kati ya 240 na 300. Uso wa bibi ukawa vigae. Nikamweleza mama ukweli, naye akanyamaza. Tangu siku hiyo nimejiwekea sharti moja: lolote nitakalolifanya kwenye picha, lazima niweze kulirudisha nyuma, kesho au baada ya miaka ishirini. Yote nitakayoyasema leo yanatoka kwenye sharti hilo.

Tuanze na kadi, kwa sababu picha nyingi hufia hapo. Ukiichomeka kadi kwenye kompyuta, nakili, usihamishe. Kuhamisha maana yake kompyuta inafuta upande mmoja huku inaandika upande wa pili, na waya ukilegea katikati, picha inaweza isiwepo huku wala kule. Nakili kwenye diski mbili tofauti, fungua picha chache kila upande uhakikishe zinafunguka, ndipo uifomati kadi, yaani uifute yote, na uifomatie ndani ya kamera yenyewe wala si kwenye kompyuta. Kama siku hiyo unayo diski moja tu, basi kadi ndiyo nakala ya pili. Iweke mfukoni, tumia nyingine.

Halafu saa. Nawasihi sana, kabla ya kazi yoyote angalieni saa ya kamera. Kamera inaandika tarehe na saa ndani ya kila faili, pamoja na kasi ya shata, uwazi wa lenzi na mengineyo, katika utaratibu unaoitwa EXIF. Mkienda kazini watu wawili, kamera moja ikiwa mbele kwa dakika arobaini, picha zenu mkizichanganya, wageni wataonekana wanaondoka kabla hawajafika. Kuna dawa yake kwenye programu, unaweza kusogeza saa ya picha zote kwa mkupuo, lakini ni kazi ya nusu siku kwa kosa ambalo lingezuiwa kwa nusu dakika.

Majina ya mafaili nayo yana hila. Kamera nyingi huhesabu kuanzia 0001 hadi 9999, kisha zinarudi mwanzo. Kwa hiyo picha yako ya elfu kumi na moja ina jina lilelile la picha uliyoipiga zamani, na siku utakapozikusanya folda mbili pamoja, moja itaimeza nyingine. Mimi naanza jina kwa mwaka, halafu mwezi, halafu siku, halafu namba: 2019-06-02-0147. Mwaka unatangulia kwa sababu kompyuta hupanga majina kwa kusoma herufi kuanzia kushoto. Ukianza na siku, tarehe 2 za miezi yote zitakaa pamoja kama ndugu, na mwaka utasambaratika. Folda nazo ni hivyo hivyo: folda ya mwaka, ndani yake folda za siku, basi.

Wengine hupenda folda za mada, "harusi", "watoto", "mandhari". Mimi siafiki. Mtoto akicheza ufukweni harusini utamweka wapi? Faili linakaa folda moja tu, lakini linaweza kubeba maneno ishirini. Maneno hayo yanaandikwa ndani ya picha yenyewe, kwenye sehemu za maelezo zinazofuata utaratibu wa IPTC, uliotokana na mashirika ya habari: nani yuko pichani, ni wapi, kulikuwa na nini, picha ni ya nani. Wazee walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Picha elfu thelathini zisizo na neno hata moja ni mali iliyopotea ingawa diski imejaa. Majina ya watu yaandikwe wiki ileile, wakati bado unakumbuka yule kijana mwenye shati la bluu ni nani.

Kuhusu kuchagua picha sitasema mengi, kila mtu ana jicho lake. Mimi napita mara mbili. Mara ya kwanza naondoa zilizotikisika, macho yaliyofumba, zilizojirudia. Kisha nazifunga, nalala, kesho yake napita tena. Ile picha niliyoipenda jana kwa sababu nilihangaika kuipata, leo naiona ni picha ya kawaida tu, naiacha bila uchungu.

Sasa tufike kwenye uhariri wenyewe, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa hesabu, kwa sababu anayezielewa namba hizi hahitaji kukariri mapishi ya mtu mwingine.

Ndani ya kamera kuna kihisi, na kila nukta yake inahesabu mwanga tu, haijui rangi. Juu yake umewekwa wavu wa vichujio vya rangi, nusu ya kijani, robo nyekundu, robo bluu. Ndio mpangilio wa Bryce Bayer wa Kodak, aliyepewa hataza yake mwaka 1976, na kamera nyingi hadi leo zinautumia. Faili ghafi, yaani RAW, ni zile hesabu zenyewe kabla hazijapikwa. JPEG ni chakula kilichopakuliwa: kamera imeshaamua rangi, imeshaamua mwangaza, imeshatupa ilichoona hakihitajiki. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi la biti 12 lina ngazi 4,096, la biti 14 lina 16,384.

Lakini ngazi hizo hazigawanywi sawasawa, na hapa ndipo penye siri. Kihisi kinahesabu mwanga kwa mstari ulionyooka. Mwanga ukipungua kwa nusu, hesabu nayo inapungua kwa nusu. Kwa hiyo katika ngazi 16,384, hatua ya juu kabisa ya mwangaza, kila hatua ikiwa ni mwanga kupungua kwa nusu, inachukua 8,192 peke yake. Hatua inayofuata inapata 4,096, inayofuata 2,048, na kuendelea, hadi kule kwenye vivuli vizito unakuta ngazi chache mno. Ndiyo maana ukikivuta kivuli kwa nguvu kinatoka na chengachenga na rangi za ajabu: unaomba mengi mahali palipoandikwa machache. Upande wa pili, sehemu iliyoungua kwa mwanga, ikishagonga namba ya mwisho, hakuna kitelezi cha programu kitakachoirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Kivuli kinaweza kubembelezwa, weupe uliokufa hauwezi. Kwa hiyo tazameni histogramu, ule mchoro kama mlima unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia, mkiwa bado mmesimama mbele ya mnayempiga picha. Ule mlima usibanwe kwenye ukuta wa kulia, isipokuwa kama ni jua lenyewe au taa yenyewe ndiyo iliyoungua.

Programu za kusafishia mafaili ghafi, kama Lightroom iliyotoka mwaka 2007, au darktable na RawTherapee ambazo ni za bure na msimbo wake uko wazi, zina tabia moja ninayoipenda kuliko zote: haziligusi faili asili. Unaposogeza kitelezi, programu inaandika agizo tu, "ongeza mwangaza kiasi hiki, sogeza rangi kiasi kile", na maagizo hayo yanahifadhiwa pembeni, kwenye katalogi au kwenye kifaili kidogo, mara nyingi cha XMP, kinachokaa kando ya picha. Unaweza kufuta maagizo yote ukarudi ulikoanzia. Laiti ningekuwa na chombo hiki jioni ile.

Ila kuna mtego, na nimeona watu wazima wakiishia machozi kwa jambo hili. Katalogi si ghala la picha. Ni daftari linalosema picha ziko wapi na zimefanyiwa nini. Ukifuta folda ukidhani picha "zimo kwenye programu", umefuta picha. Ukizihamisha folda nje ya programu, katalogi inabaki inaita majina kwenye nyumba iliyohamwa. Hamisheni folda kutoka ndani ya programu, na katalogi yenyewe nayo iwe na nakala.

Mpangilio wangu wa kazi naanza na mizani ya weupe, kwa sababu rangi ikikosea kila kitu kinachofuata kinakosea. Mwanga wa mchana ni kama Kelvini 5,500, kipimo cha rangi ya mwanga, balbu ya zamani ya waya ni kama 2,800, na mtu aliyesimama kati ya dirisha na balbu anapata vyote viwili usoni. Hapo usitafute usahihi wa mashine. Tafuta ngozi ifanane na ngozi ya mtu yule. Baada ya hapo mwangaza wa jumla, kisha sehemu kali na vivuli, kisha rangi. Kunoa, yaani kukaza kingo za vitu pichani, ni mwisho kabisa, baada ya kuipunguza picha kwa ukubwa wa matumizi yake.

Nisimame kidogo kwenye ngozi nyeusi, kwa sababu ni jambo ninalolibeba moyoni. Kwa miongo mingi maabara za filamu zilipima rangi zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi zetu zikatoka kama mkaa usio na umbo. Leo vifaa vimeboreka, lakini uzembe umebaki kwenye mikono. Mhariri akiona uso mweusi anakimbilia kuuongezea mwanga wote kwa jumla. Anachopata ni ngozi ya majivu, na ukuta wa nyuma umeungua. Ngozi nyeusi haionyeshwi kwa kufanywa nyeupe. Inaonyeshwa kwa mng'ao: ule mstari wa mwanga kwenye paji la uso, kwenye mfupa wa shavu, kwenye bega. Ulinde mng'ao huo usiungue, kisha ufungue kivuli taratibu, na uangalie wekundu na umanjano uliomo ndani ya weusi, kwa sababu ndimo uhai wa ngozi ulimo. Na ile tabia ya kulainisha ngozi hadi vinyweleo vyote vifutike, mimi naiona ni kumfuta mtu.

Niwaonyeshe kwa mfano. Chukueni picha ya mama aliyeketi kando ya dirisha, nusu ya uso iko kwenye mwanga, nusu kivulini. Naongeza tabaka jipya la marekebisho, kama karatasi angavu inayolala juu ya picha bila kuigusa, naongeza mwangaza kidogo, na picha nzima inang'aa, hata dirisha ambalo silitaki. Kila tabaka la marekebisho lina barakoa yake. Penye weupe kwenye barakoa, marekebisho yanaonekana; penye weusi yanafichwa; kijivu ni katikati. Naijaza barakoa yote weusi, marekebisho yanatoweka. Kisha nachukua brashi kubwa, laini, nyeupe, naiweka nguvu ya asilimia 10 tu, napita shavuni upande wa kivuli. Mara moja, huoni kitu. Mara ya tatu, jicho linaanza kufunguka. Mara ya tano, nasimama, nazima tabaka, naliwasha, nazima tena. Kama ninaona "hapa palipakwa", nimezidisha, nabadili brashi iwe nyeusi narudi nyuma. Ukitumia kifutio badala ya barakoa, ulichofuta kimekwenda. Barakoa inaficha tu.

Kazi hii ya kuongeza mwanga hapa na kuupunguza pale si mchezo wa kompyuta. Wazee wetu waliifanya ndani ya chumba cha giza kwa viganja vyao na vipande vya karatasi chini ya taa. Photoshop ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll, ilipotoka mwaka 1990 haikuwa hata na matabaka. Yalikuja mwaka 1994, na toleo la tatu. Kabla ya hapo aliyehariri alikuwa anachora juu ya picha yenyewe. Leo tunayo matabaka, na bado nawaona watu wanaondoa madoa moja kwa moja juu ya picha asili! Fungua tabaka tupu, kiambie kifaa cha kuponya kisome matabaka yote yaliyo chini, kisha ponya kwenye lile tupu. Mteja akisema ile alama ya shavuni ni ya kuzaliwa, alikuwa anaipenda, unairudisha kwa sekunde.

Skrini yako inaweza kukudanganya. Wengi huhariri usiku wakiwa wameweka skrini kwenye mwangaza wa mwisho, picha inaonekana nzuri, ikichapwa inatoka giza totoro. Picha haikubadilika. Wewe ndiye uliyekuwa unaitazama kupitia taa. Punguza mwangaza wa skrini, na ukiweza tumia kifaa cha kupimia rangi za skrini, angalau mara moja kwa mwezi. Kwa picha za intaneti toa nakala katika sRGB, utaratibu wa rangi wa mwaka 1996 ambao karibu kila skrini inauelewa. Ukipeleka mtandaoni picha iliyobaki kwenye Adobe RGB, utaratibu mwingine wenye rangi pana zaidi, kwa watazamaji wengine rangi zitapauka kama nguo iliyoanikwa juani wiki nzima.

Na nakala ya kutoa iwe nakala kweli, yenye jina lake na folda yake. JPEG inagawanya picha katika visanduku vya pikseli 8 kwa 8, na kila inapohifadhiwa upya hutupa kitu. Ukiifungua, ukaihariri, ukaihifadhi, mara kumi, kingo zinaanza kuota ukungu. Toa JPEG mara moja kutoka kwenye faili kuu. Mteja akitaka ukubwa mwingine, rudi kwenye faili kuu utoe nyingine.

Mnaofanya kazi za habari, faili asili ni shahidi wenu. Mashindano ya World Press Photo huwataka wanaofika hatua za mwisho watoe mafaili asili ili yalinganishwe na picha walizowasilisha. Kuongeza mwanga kunakubalika kwa kiasi. Kuondoa mtu aliyesimama nyuma hakukubaliki. Siku utakapoulizwa, neno lako halitatosha.

Nimalizie na kuhifadhi. Mpiga picha Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo unalofanyia kazi. Wengi huelewa tatu na mbili, wanasahau moja. Diski tatu kwenye droo moja ni diski moja mbele ya moto, maji au mwizi. Na tafadhali, usawazishaji wa wingu si nakala rudufu. Ukifuta folda kwenye kompyuta, wingu linatii, linafuta nalo. Baadhi hukupa siku kadhaa za kurudisha kilichofutwa, lakini kama utagundua mwaka unaofuata, zimekwisha. Nakala ya kweli ni ile isiyojua kwamba umekosea leo. Na mara mbili kwa mwaka, chagua folda moja bila kupanga, irudishe kutoka kwenye diski ya nje, uzifungue picha zake. Diski zinakufa kimya kimya zikiwa zimekaa kabatini.

Mmoja wenu ameniuliza hapo mlangoni, kabla hatujaanza, kama nilimletea mama picha aliyoitaka. Ile ya sentimita 30, hapana, haipo. Ninayo ile ya pikseli 640 kwa 480. Iko kwenye folda ya mwaka wake, ina jina la bibi, jina la aliyeketi pembeni yake, na sababu iliyomfanya acheke, maana mama aliikumbuka nikaiandika. Iko kwenye diski mbili na moja iko kwa dada yangu. Nilipiga hesabu: kwa upana wa sentimita 6, pikseli zile zinafikia nukta 270 kwa inchi. Nikaichapa kwa ukubwa huo, nikaitilia fremu ndogo. Mama huiweka kando ya kitanda, na anayetaka kuiona lazima aishike mkononi.